Slaidi bila PowerPoint: mzigo uko kwenye faili

Mijadala ya programu mbadala za slaidi huishia kwenye kulinganisha urembo: ipi ina violezo vizuri, ipi ina mbwembwe za kupitisha slaidi. Hapo tunapoteza muda. PowerPoint ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni iliyoiunda, Forethought, kwa dola milioni 14. Kinachowashikilia watu kwake leo ni faili ya .pptx, yaani muundo ambao PowerPoint huhifadhia kazi, kuliko ubora wake. Mwandaaji wa mkutano anategemea kuipata, bosi anataka kuirekebisha, na violezo vya ofisi vyote vimo humo. Anayetaka kuhama hahami peke yake.

Chukua Impress, programu ya slaidi iliyo ndani ya LibreOffice, kifurushi cha programu za ofisi. Ni programu huria, ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na faili zake huhifadhiwa kwa ODF, muundo wa wazi wa faili za ofisi ambao ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006. Inafungua .pptx pia, ila kasoro hujitokeza kwenye vitu vidogo. Slaidi iliyopangwa kwa fonti ambayo kompyuta yako haina itawekewa nyingine. Herufi zikiwa pana kidogo tu, kichwa cha mstari mmoja kinakuwa cha mistari miwili, maandishi ya chini yanasukumwa, na hoja ya mwisho kwenye orodha inalala juu ya picha. Kwa Calibri tatizo limetatuliwa kwa ustadi: kuna Carlito, fonti huria ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Calibri, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Fonti nyingi hazina pacha wa namna hiyo. Ila tusiionee Impress. Hata PowerPoint yenyewe huvuruga slaidi ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti husika.

Google Slides inashinda kwa jambo moja: kazi ya pamoja. Watu watano wanaandika kwenye wasilisho moja, maoni yako pembeni, na hakuna anayeuliza toleo la mwisho ni lipi. Wanaoipinga wana hoja nao. Kufanya kazi nje ya mtandao kunawezekana, lakini sharti uwe umeandaa mapema; ukikumbuka ukiwa tayari jukwaani mtandao umekatika, umechelewa. Tena ukiipakua kazi yako kama .pptx, unachopata ni tafsiri ya kile ulichotengeneza, si chenyewe.

Waandaa slaidi wa sayansi na hisabati wana Beamer, inayotumia LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri za kuandika); waandika programu wana reveal.js, inayotengeneza slaidi za kuonyeshwa kwenye kivinjari. Unaandika maandishi matupu, unapata PDF au ukurasa wa kivinjari. Safi sana, mpaka mwenzako asiyejua LaTeX atake kubadilisha koma moja.

Prezi ndiyo inayonifanya nisite ninaposikia chombo kipya kikisifiwa. Ilizinduliwa mwaka 2009 ikitokea Hungary, na ule uwanja wake mmoja mkubwa wa kuvuta na kusogeza ulivutia kweli, ingawa wasikilizaji wengine waliona kizunguzungu. Toleo lile lilijengwa juu ya Flash, teknolojia ya kampuni ya Adobe ya kuonyesha miondoko kwenye kivinjari, na Adobe ikaacha kuihudumia mwisho wa 2020. Prezi walikuwa wameshatoa toleo jipya, kwa hiyo kampuni haikuzama. Lakini kazi iliyokaa kwenye teknolojia ya kampuni moja iliishi kwa hisani ya kampuni hiyo. SlideShare nayo, ambako wengi hupandisha slaidi zao, ilienda kwa LinkedIn mwaka 2012, kisha ikawa mali ya Scribd mwaka 2020.

Kwa kusambaza tu, mimi naona PDF inatosha mara nyingi. Miondoko na video vinapotea, na sijaona wasomaji wengi wakivililia. Faili ya kuhariri wapewe wanaohariri.

Kwa ofisi inayofikiria kuhama, jaribio la maana halifanywi kwa wasilisho jipya. Tafuteni la zamani lililo baya kuliko yote, lenye jedwali, chati na video. Lifungueni kwenye programu mpya, badilisheni namba moja ya chati, hifadhini kama .pptx, kisha lifungueni tena kwenye PowerPoint. Chati ikirudi kama picha isiyoharirika, mtajua ni mawasilisho gani ya kubaki yalipo.