Mvuvi wa Kasa Si Mjinga

Wiki chache baada ya msiba wa Kisiwa Panza wa Machi 2024, ambapo watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia kwa kula nyama ya kasa na watu wengine 78 wakalazwa, nilihudhuria kikao katika shehia moja ya kusini mwa Pemba. Tulikaa chini ya mwembe karibu na diko, pale wavuvi wanapotia vyombo vyao, wanaume upande mmoja juu ya magogo, wanawake upande wa pili juu ya majamvi. Afisa aliyetoka mjini alifungua jalada lake na kusoma kwa muda mrefu: kasa analindwa na sheria, nyama yake inaweza kuwa na sumu, na atakayekamatwa naye atashitakiwa. Alipomaliza, mzee mmoja mvuvi, ambaye mikono yake ilikuwa bado na magamba ya samaki wa asubuhi, aliomba ruhusa akasema: "Mwanangu, babu yangu kala kasa, baba yangu kala, na mimi nimekula tangu sijaota ndevu. Leo ndio awe sumu?" Afisa akamjibu kwa kurudia kifungu kile kile, kisha akamgeukia mwenzake na kumnong'oneza kwamba watu hawa hawana elimu.

Nilikuwa nimekaa karibu, nikalisikia, na tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Ndilo tunalokimbilia kila sheria inapogonga mwamba, iwe ya kasa, ya mifuko ya plastiki, ya nyavu haramu au ya kupakia abiria kupita kiasi. Tunasema wananchi hawajaelimika, kisha tunamaliza kwa ombi lile lile la kila ripoti, kwamba elimu itolewe. Mimi naamini kwamba mara nyingi tunaugua ugonjwa mwengine kabisa, na aliyenisaidia kuutambua ni mwanasheria wa mbali, Dan Kahan, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani.

Kahan na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu wa nchi moja, wenye akili timamu na wanaosoma magazeti yale yale, hutofautiana kwa ukali juu ya kipi ni hatari na kipi si hatari. Msingi wa kazi yao uliwekwa na mwanaanthropolojia Mary Douglas, Muingereza aliyewahi kuishi na kufanya utafiti kwa Walele wa Kongo, ambaye mwaka 1982 alitoa kitabu pamoja na mtaalamu wa siasa Aaron Wildavsky. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna jamii inayoweza kuogopa kila kitu kwa pamoja, na kwamba kila jamii huchagua hatari zake kulingana na namna inavyotaka watu waishi. Kahan aliichukua hoja hiyo akaipeleka kwenye majaribio, ili ipimwe kwa watu halisi na kwa hesabu.

Matokeo yake yanamuumiza kila anayeamini kwamba dawa ya kila kitu ni semina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha Wamarekani watu wazima wapatao 1,540, ilionekana kwamba waliojua sayansi na hesabu zaidi hawakukubaliana zaidi juu ya hatari ya mabadiliko ya tabianchi. Kinyume chake, pengo kati ya makundi yao ya kimsimamo lilikuwa pana zaidi kwa waliojua mengi kuliko kwa waliojua machache. Mwaka uliofuata Kahan na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwapa watu jadweli moja ya tarakimu, wengine wakiambiwa kwamba inahusu dawa ya kupaka ya vipele, wengine kwamba inahusu sheria ya kuzuia bunduki. Tarakimu zilikuwa zile zile. Kwenye vipele, wenye uwezo wa hesabu walipata jibu sahihi kuliko wengine, kama inavyotarajiwa. Kwenye bunduki, wenye uwezo huo huo waliutumia pale tu jibu sahihi lilipoafikiana na msimamo wa kundi lao, na lilipokwenda kinyume nao wengi wao waliliacha.

Maelezo yake ya jambo hili ndiyo niliyoyapenda, kwa sababu hayamdharau mtu. Kahan anasema kwamba kwa mtu mmoja mmoja, kubaki na watu wake ni jambo la busara. Maoni yake peke yake hayatabadilisha tabianchi ya dunia, lakini yanaweza kumharibia udugu, kazi na heshima. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Kushua chombo kunataka mikono ya watu, na mvuvi anayesimama dikoni kuwaambia wenzake kwamba chakula cha baba zao ni sumu na kwamba serikali ndiyo inayosema kweli anajua kwamba kesho alfajiri huenda akabaki na mashua yake mchangani.

Turudi basi kwa mzee wetu na swali lake, kwa maana lilikuwa swali zuri na halikujibiwa. Si kila kasa ana sumu. Mtu anaweza kula mara hamsini bila ya kudhurika, na kila mara inakuwa ushahidi mpya kwamba babu alisema kweli. Sumu yenyewe inadhaniwa kutokana na mwani wenye sumu ambao kasa amekula; haionekani kwa jicho, haiondoki kwa kuchemshwa, na hadi leo haina dawa ya kuivunja nguvu. Mzee alikuwa anasoma takwimu za maisha yake mwenyewe, na kwa takwimu zile jibu lake lilikuwa sawa. Aliyepaswa kumfafanulia kwa nini mara ya hamsini na moja inaweza kuwa tofauti alimsomea kifungu cha sheria.

Siku ile aliyetusaidia ni mkunga wa kijijini, Bi mkubwa mmoja ambaye nusu ya vijana waliokuwepo walizaliwa mikononi mwake. Hakusimama. Alisema kutoka pale pale jamvini kwamba sumu ya kasa hupita kwenye maziwa ya mama, na kwamba mtoto mchanga ambaye hajaonja hata mchuzi anaweza kufa kwa kunyonya. Yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza, kwa sauti tofauti kabisa na ile ya mwanzo: "Hata akichemshwa sana, dada yangu?" Akajibiwa: "Hata akichemshwa, kaka yangu." Afisa alikuwa ameshasema kwamba kupika hakusaidii. Habari ilikuwa ile ile, na safari hii ilimfika.

Kahan amelipima hata hili. Katika utafiti juu ya chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, yeye na wenzake walibuni wataalamu wa uongo, kila mmoja akiwa na picha na wasifu unaoonesha ni mtu wa mrengo gani, kisha wakabadilisha nani anatoa hoja ipi. Hoja ilipotolewa na mtu ambaye msikilizaji alimuona ni wa kwao, ilisikilizwa hata pale ilipokwenda kinyume na mazoea ya kundi. Pemba tuliona jambo la namna hii mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kwamba kilipata jina lake pale Nabii Khidhri alipotaka msala wa kusalia, akakosa, akakifanya kisiwa kuwa msala wake. Mabango ya kukataza uvuvi haramu hayakuwa yamefanya mengi. Masheikh walipoanza kuzungumza na wavuvi juu ya amana na ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, yaani dhamana aliyopewa na Mungu ya kuitunza, mazungumzo yalibadilika, kwa sababu waliozungumza ni watu ambao wavuvi wenyewe walikuwa wakiswali nyuma yao. Na Kisiwa Panza kwenyewe, mahali pa msiba ule, ni miongoni mwa vijiji ambavyo wavuvi wamekuwa wakikubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Hao ndio watu tunaoambiwa kwamba hawaelewi uhifadhi.

Siwezi kuyahamisha makundi ya Kahan kama yalivyo na kuyabandika hapa. Yeye anawapanga Wamarekani kwa mizani miwili: wanaopenda ngazi za mamlaka dhidi ya wanaopenda usawa, na wanaoweka mtu binafsi mbele dhidi ya wanaoweka jamii mbele. Kwetu mistari imepita pengine. Baada ya uchaguzi wa 1995 tulifika pahala pa kususiana maduka, gari za abiria na hata maziko kwa sababu ya chama, na tangazo lolote lilipotoka swali la kwanza lilikuwa ni la nani, kabla ya mtu kuuliza linasema nini. Maridhiano ya 2009 kati ya viongozi wa CCM na CUF yalipunguza uchungu ule, lakini anayedhani kwamba swali lile limekufa hajakaa barazani siku za karibuni.

Linalonigusa zaidi, nikiwa mtu ninayefuatilia mambo ya mahkama, ni kwamba Kahan hakuwaacha majaji nje. Mwaka 2007 Mahkama ya Juu ya Marekani, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilimpa ushindi askari aliyeigonga gari ya kijana aliyekuwa akikimbizwa na polisi katika jimbo la Georgia, na kijana huyo akapooza. Mahkama ilisema kwamba video inajieleza yenyewe. Kahan na wenzake waliionesha video hiyo kwa Wamarekani wapatao 1,350. Wengi waliona kama majaji walivyoona, lakini makundi yanayotambulika, wakiwemo Wamarekani Weusi na watu wa kipato cha chini, waliona jambo jengine katika picha zile zile. Hakudai kwamba hukumu ilikuwa batili. Alichokikemea ni kauli kwamba hakuna mwenye akili anayeweza kuona vyengine, kwa kuwa kauli hiyo inawaambia raia maelfu kwamba macho yao hayahesabiki.

Ndiyo maana natamani, siku mvuvi wa kusini atakapopandishwa kizimbani kwa kosa la kasa, hakimu amtie hatiani ikiwa ushahidi unamtosha, lakini aandike katika hukumu yake kwamba alimsikia, kwamba anajua babu yake alikula na akaishi, na kwamba hoja hiyo ina uzito wake ingawa haikushinda. Hukumu za Kiswahili husomwa na kusimuliwa barazani. Mvuvi yule atarudi dikoni jioni ile ile, na wenzake watamuuliza mahkama imesema nini juu yao.