Nani amelipia kufufuka kwa uchumi baada ya Korona?

Tarehe 23 Machi 2020, fahirisi ya S&P 500 ya New York, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilikuwa imepoteza takriban theluthi moja ya thamani yake katika muda wa wiki tano hivi. Mwezi uliofuata mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa kwa bei ya chini ya sifuri, wenye mikataba wakiwalipa wengine wayachukue. Lakini ilipofika Agosti, hisa hizo zilikuwa zimerejea kileleni, ilhali ugonjwa ungali unaua na chanjo haijapatikana. Afya ya dunia haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni bei ya kukopa.

Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba hadi karibu sifuri na kuanza kununua hatifungani, yaani hati za mikopo zinazomlipa mwenye nazo riba, kwa wingi usio na kifani. Bunge la huko likaidhinisha dola trilioni 2.2 mwezi wa Machi 2020, kisha trilioni 1.9 nyingine Machi 2021. Mpaka leo wachumi wanavutana: je, fedha hizo ziliiokoa dunia au ziliiachia deni ambalo maskini ndio wanaolilipa?

Wanaozitetea wana hoja nzito, na Kenya ni shahidi wao. Mwaka 2020 watalii walitoweka na hoteli nyingi za Pwani zikafungwa. Wengi walitarajia pesa kutoka ng'ambo nazo zikauke. Badala yake ziliongezeka, kutoka takriban dola bilioni 2.8 mwaka 2019 hadi bilioni 3.09. Sehemu kubwa ya pesa hizo hutoka Marekani, ambako serikali ilikuwa ikiwatumia watu hundi: dola 1,200 mwanzoni, 600 baadaye, kisha 1,400. Ni kweli kwamba watu hutuma zaidi nyumbani kukiwa na shida. Lakini anayetuma lazima kwanza awe nacho, na hundi zile ziliwawezesha wengi kuwa nacho. Kodi za nyumba na karo zilizolipwa hapa mwaka ule zilitokana kwa sehemu na uamuzi uliofanywa Washington, na hilo inafaa tulikiri bila kusitasita.

Upande wa pili unaanza na bei. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 40. Hundi peke yake hazikuuleta. Viwanda vya China vilikuwa vikifungwa mara kwa mara, meli zilisongamana bandarini, na Februari 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei ya ngano, mbolea na mafuta. Hata hivyo, benki kuu ile ilikuwa imeshikilia karibu mwaka mzima wa 2021 kwamba hali hiyo ingepita yenyewe. Iliposhtuka ilipandisha riba kwa kasi, kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023.

Hapo ndipo Nairobi ilipoumia. Kama serikali ya Marekani inakulipa asilimia 5 kwa dola na bila wasiwasi, ya nini kuhangaika na hisa za Afrika? Wageni waliuza na kuondoka na dola zao. Hisa ya Safaricom, iliyokuwa zaidi ya shilingi 40 katikati ya 2021, ilishuka chini ya 15 kufikia mwisho wa 2023, ingawa kampuni iliendelea kupata faida na M-Pesa haikupungua kutumika. Dola iliyokuwa shilingi 101 hivi kabla ya janga ilifika karibu 160 Januari 2024. Mfanyabiashara aliyekuwa na deni la dola 1,000 lililomgharimu shilingi 101,000 sasa alihitaji 160,000 kulimaliza, bila kuongezewa hata senti moja ya mkopo.

Kwa maoni yangu uokozi wa 2020 ulikuwa sahihi, ila fungu la 2021 lilizidi, na kuchelewa kupandisha riba kulifanya breki ikanyagwe kwa nguvu mno. Tena nchi zilizokuwa na pesa zao za kuchapisha zilijisaidia kwanza. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilipogawa akiba ya thamani ya dola bilioni 650 Agosti 2021, Afrika nzima ilipata kama bilioni 33.

Lakini sikubali lawama zote zipelekwe Washington. Yurobondi, yaani hatifungani ya dola inayouzwa kwa wawekezaji wa ng'ambo, ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni 2024 ilikopwa na serikali yetu wenyewe mwaka 2014, na yote ilipaswa kulipwa kwa mkupuo. Juni 2021, wakati riba ya dunia ingali chini, tulikopa bilioni 1 nyingine kwa asilimia 6.3. Zambia ilikuwa imeshashindwa kulipa Novemba 2020, na Ghana ikafuata Desemba 2022. Onyo lilikuwepo.

Kenya ilinusurika Februari 2024 kwa kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu ya deni la zamani. Mwezi huo huo ilitafuta shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu, ikachukua karibu bilioni 241, kwa asilimia 18.46 bila kodi. Shilingi ikapata nguvu. Aliyeweka 100,000 anapata 9,230 kila baada ya miezi sita. Ni uwekezaji mzuri, na simlaumu aliyeununua. Ila 9,230 hizo hutoka kwa mlipa kodi, na benki inayopata riba kama hiyo serikalini haina haraka ya kumkopesha fundi wa Kariobangi anayetaka mashine ya kuchomelea. Miezi minne baadaye vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ambao serikali iliutaka ili kupata kodi zaidi, mpaka Rais akakataa kuutia saini.

Septemba 2024 Marekani ilianza kupunguza riba, na masoko ya Afrika yakapata nafuu. Anayewekeza sasa atazame ratiba ya madeni kabla ya kutazama bei ya hisa. Machi 2025 Kenya ilikopa bilioni 1.5 nyingine za dola kwa asilimia 9.5, sehemu yake ikienda kununua deni la 2027, na ile yurobondi ya Februari 2024 inaanza kulipwa mwaka 2029.