Mishikaki Mitano, Na...

Mjomba wangu ni baharia wa Tanga aliyelowea Piraeus, bandari ya Athens, tangu enzi zake za meli za mizigo. Jioni moja alikuwa na wageni, akanituma mtaa wa pili nikanunue suvlaki, mishikaki ya Kigiriki. "Lugha ikikukataa, mjomba, tumia vidole." Ushauri gani huo wa kumpa mtu!

Muuzaji alikuwa pande la mtu, masharubu yamepinda juu.

"Suvlaki," nikasema.

"Ne, ne!" akajibu kwa bashasha.

Nne? Nyumbani tuko watano. Nikatikisa kichwa, nikamnyooshea mkono, vidole vyote nimetanua, kiganja kikimtazama usoni: "Tano! Naaa..." Hapo nilikuwa nawaza viazi vya kukaanga wanaviitaje.

Foleni nzima kimya. Kisha yule bwana akanielekezea viganja viwili, kimoja akikipiga juu ya mgongo wa kingine, pa! "Na!"

Ahaa, sasa kanipandishia mpaka kumi. Wafanyabiashara bwana, popote ni wale wale. Sikukubali. Mkono ule ule, safari hii karibu na pua: "Siyo kumi! Tano! Na soda!"

Akatoka nyuma ya kaunta na koleo lake la kugeuzia nyama.

Mjomba alikuwa ameona nachelewa, akatokea wakati huo huo. Alimwaga Kigiriki chake cha bandarini mpaka masharubu yakalegea na foleni ikaangua kicheko. Ndipo akanifafanulia: "na" kwao ni "shika hiyo!", na ukiitamka huku umemfungulia mtu kiganja, umempiga mundza, tusi la kale. Inasemwa asili yake ni Byzantium, dola ya zamani ya huko, mhalifu alipozungushwa mitaani juu ya punda, ameketi kinyumenyume, watu wakimpaka masizi usoni. Viganja viwili ni tusi lile lile kwa mkupuo. Mgiriki muungwana akitaka kuonyesha tano, kiganja hukigeuzia kwake mwenyewe.

Muuzaji akarudi jikoni, akauliza kwa upole: "Pente?"

Hiyo nilikuwa naijua, ni tano. Mjomba akajibu: "Ne."

"Siyo nne, mjomba! Ta—"

Akaudaka mkono wangu hewani.

"Ne ni ndiyo, mjomba. Na mkono wako utie mfukoni."