Geuza Nyuma Usome Volti Kabla ya Kupenda Sura

Kwenye duka la redio zilizotumika, jicho hukimbilia risiva kubwa (redio na ampilifaya ndani ya boksi moja) yenye uso wa fedha, kioo cha stesheni kinachowaka bluu na mishale miwili inayorukaruka besi ikigonga. Mashine za miaka ya 1970 zina haki ya kupendwa: uso ni alumini nzito, boksi ni la mbao, na swichi ukiibonyeza unaisikia kidoleni kwamba imeshika. Hata hivyo nasimamia hili: sura na idadi ya wati ni mambo ya mwisho kuangalia. Mashine yenye umri wa miaka 45 inunuliwe kwa maswali mawili. Itakubaliana na umeme wa nyumbani kwako? Na ikizimika, fundi redio wa mtaani ataweza kuifufua kwa vipuri vinavyopatikana?

Kwa hiyo igeuze nyuma. Karibu na waya wa umeme pana maandishi madogo. Ukisoma AC 100V, hiyo ilitengenezwa kwa soko la Japani. Ukisoma 120V 60Hz, ni ya Marekani. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240, kote kwa 50Hz (hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde). Kuichomeka ya Japani moja kwa moja ukutani ni kuiua: ukiwa na bahati inakatika fyuzi, ukikosa inaungua transfoma, na transfoma ya mashine ya zamani haipatikani dukani. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingi huwa na kidude cha kuchagulia volti mgongoni, chenye namba 110, 120, 220 na 240. Hizo ni lulu. Kizungushe hadi 240 kabla ya kuwasha, hata kama muuzaji anaapa kwamba ameshakiweka.

Isiyo na kidude hicho inahitaji stepdauni, yaani transfoma ya pembeni ya kushusha volti, na hapa watu wanakosea mara mbili. Kwanza wananunua ya volti 110 kwa mashine ya 100. Asilimia kumi inaonekana kitu kidogo, lakini volti zote za ndani zinapanda kwa kiasi hichohicho, mashine inachemka, na kapasita (vipuri vya kuhifadhi umeme) zilizochoka zinasukumwa kupita kiwango chake. Siku umeme wa mtaa ukipanda, hali inazidi. Tafuta stepdauni yenye tundu la 100 hasa. Pili wanapima ukubwa kwa kubana matumizi. Kama mgongoni imeandikwa kwamba mashine inakula wati 150, chukua stepdauni ya VA 300 (VA ni kipimo cha uwezo wake, kinachokaribiana na wati). Wakati wa kuwashwa mashine huvuta mkupuo mkubwa, na stepdauni nyingi za bei ya chini hazifikii kiwango kilichobandikwa juu yake.

Sasa sikiliza vizuri, hasa kama unatafuta pleya ya santuri. Stepdauni inashusha volti, haigusi hezi. Pleya nyingi za zamani zenye mkanda au gurudumu la mpira zina mota inayofuata hezi za umeme kama mtumwa. Ya Marekani, iliyopangwa kwa 60Hz, ikija huku kwenye 50Hz inazunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake: badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata karibu 27.8. Wimbo unaburuza, mwimbaji wa kike anageuka kuwa wa kiume, na mnunuzi anabadilisha mkanda, kisha mota, kisha fundi, wala tatizo halimo humo. Dawa ni puli (kigurudumu cha kwenye mota) ya 50Hz ya modeli hiyohiyo, kama ipo. Njia rahisi zaidi ni kununua pleya yenye mota ya DC, au inayozungushwa na mota moja kwa moja na kudhibitiwa na kioo cha kwatzi, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979. Hiyo haijali hezi. Lenco L75 ya Uswisi nayo inajitetea kwa namna yake: gurudumu lake linatembea juu ya mhimili wenye umbo la pia, kwa hiyo mwendo unaurekebisha mwenyewe kwa mkono.

Umeme ukishajulikana, pesa. Nusu ya bajeti, tena bila kuionea huruma, iende kwenye spika. Tofauti kati ya ampilifaya nzuri na nzuri zaidi husikika na wachache. Tofauti kati ya spika mbili inasikika na jirani. Vua kitambaa cha mbele na utazame ukingo unaoshika koni na fremu. Kama ni sponji, ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole. Sponji nzima inarudi. Iliyokwisha inabaki na shimo, au inabanduka kama keki ya jana na kukuachia unga mweusi wa kunata kidoleni. Hilo halitokani na kupigwa sauti kubwa. Ni unyevu na miaka tu, na ndiyo maana ukanda wa pwani huzimaliza haraka kuliko bara. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja ningemshauri achague spika zenye ukingo wa raba au kitambaa.

Sponji ikioza spika haijafa, ila punguza bei na uhesabu kazi. Pima kipenyo cha koni na cha fremu, agiza ukingo mpya unaolingana. Kwangua sponji ya zamani yote, mabaki yatoke kwa spiriti. Kata kofia ya katikati kwa wembe, kisha ingiza vipande vyembamba vya plastiki, filamu ya eksirei inafaa, kati ya koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) na nguzo ya sumaku iliyo ndani yake, ili koili ikae katikati. Gundisha ukingo kwenye koni kwanza, acha ukauke, ndipo ushike fremu. Gundi iwe ile nyeupe inayokauka taratibu na kubaki laini; gundi ya papo kwa papo haikupi muda wa kusogeza na ikikauka inakuwa ngumu kama kioo. Subiri saa 24, toa vipande, rudisha kofia. Mafundi wengine huweka ukingo wa kitambaa kigumu wa spika za disko kwa kuwa ndio walionao. Usikubali. Koni iliyopangwa kwenda mbele na nyuma kwa ulaini ikifungwa na kitambaa kigumu, besi ya chini inapotea, nayo ndiyo uliyoilipia.

Hapohapo dukani fanya majaribio mawili yasiyohitaji muziki. Weka vidole vya mikono miwili pande zote za kofia, sukuma koni ndani kidogo kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeungua au imekaa upande. Kisha pima kwa multimita: spika ya om 8 husoma kama 6 au 7, ya om 4 husoma 3 na kitu. Isiposoma chochote, pana kilichokatika ndani. Na tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, isikilize yenyewe, kwa kusogeza sikio karibu, maana spika yenye tuita iliyokufa hulia "vizuri" kwa mtu aliye mbali, ila matari na filimbi vinakuwa vimefunikwa blanketi.

Ndipo tufike kwenye wati. Ukizidisha nguvu ya ampilifaya mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sebuleni unalitambua bila kushtuka. Kinachoamua ukubwa wa sauti ni uwezo wa spika kugeuza umeme kuwa sauti. Hupimwa kwa desibeli inazotoa spika ikipewa wati moja, umbali wa mita moja. Kati ya spika ya desibeli 83, kama LS3/5a zilizobuniwa na BBC, na ya desibeli 93, pana tofauti ya nguvu mara kumi: wati 5 kwenye ya pili zinafanya kazi ya wati 50 kwenye ya kwanza. NAD 3020 ilitoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 kwa kila upande, na hadi leo inatafutwa kwa udi na uvumba. Kwa chumba cha kawaida, wati 20 hadi 45 za kweli zinatosha. Risiva za wati 160 ni nzito, zinachemsha chumba, na zikilipuka zinalipuka na kila kitu.

Ninalolipa uzito kuliko wati ni jinsi hatua ya mwisho ya ampilifaya ilivyojengwa. Omba kifuniko kifunguliwe. Ukiona transista zimefungwa moja moja kwenye bati la kupoozea, vizuri, fundi ana pa kushika. Ukiona bloku moja ndefu nyeusi yenye miguu mingi iliyoandikwa STK, yaani hatua yote hiyo ndani ya kipande kimoja, jua ikifa utahitaji STK nyingine, na nyingi zinazouzwa sasa kama mpya ni bandia. Transista nazo zina bandia zake. Jozi maarufu ya 2SC5200 na 2SA1943 imeigwa sana, kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekubali kuzirudisha. Ukikuta fyuzi imefungwa kwa waya wa shaba, funga kifuniko na uende zako. Aliyefanya hivyo hakuishia hapo.

Usiwashe mashine iliyolala miaka mingi moja kwa moja. Unganisha globu ya kizamani ya wati 100, ile ya nyuzi, siyo LED, mfululizo na waya wa laivu, yaani umeme upite kwenye globu kwanza ndipo ufike kwenye mashine. Ukiwasha, globu inawaka kwa nguvu kwa muda mfupi kisha inafifia: kapasita zimejaa, hakuna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, pana shoti ndani. Ikifaulu, ondoa globu, chomoa spika, sauti iwe sifuri, subiri dakika kumi, kisha pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, usiunganishe spika zako hadi fundi aangalie, maana mkondo huo unaingia kwenye koili mfululizo na kuichoma bila kutoa sauti. Mashine nyingi zina kinga inayosubiri sekunde chache kisha inalia "ta" ndani. Isipolia, usishangilie ukimya.

Volumu inayokwaruza ukiizungusha isikutie hofu, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Nyunyiza dawa ya kusafishia swichi ndani ya kidude chenyewe, zungusha mara thelathini, imekwisha. Mafuta ya kulegeza kutu usiyaweke humo.

Redio ya FM ya soko la Japani hushika 76 hadi 90MHz, kwa hiyo huku utaambulia stesheni chache za chini ya bendi. Usiilipie. Deki ya kaseti ifungue kwanza: mikanda iliyogeuka lami ndani inasafishwa kwa spiriti na subira, na kaseti zisizorekodiwa kwa Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kaseti) zima swichi ya Dolby, la sivyo juu kote kunazibwa.

Tumalizie na sindano, kwa kuwa santuri zetu nyingi hazitapigwa tena viwandani. Sindano iliyoisha inachonga mfereji, na kilichochongwa hakirudi. Ile tabia ya kuweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili isiruke iachwe kabisa. Panga uzito hivi: rekebisho la kuvutwa pembeni (anti-skate) liwe sifuri, zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee sambamba na sahani, rudisha kipimo kwenye 0 bila kuugusa uzito wenyewe, kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu zilizotajwa na mtengenezaji. Kwa katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya Audio-Technica AT-VM95E ni gramu 2. Nina upendeleo na katriji hiyo kwa sababu mwili ni mmoja na sindano zinabadilishwa: ya yai kwa LP zilizotunzwa, ya duara kwa santuri ndogo za mizunguko 45 zilizochezwa sana, na ya 78 kwa zile nzito za zamani za mizunguko 78. Zile za 45 zenye tundu kubwa zinahitaji kiungio cha katikati. Ukiziweka kwa kukadiria macho, sauti inapanda na kushuka kila mzunguko. Katriji hiyo ichomeke kwenye tundu la PHONO na waya wa ardhi ufungwe. Kwenye AUX utasikia sauti nyembamba isiyo na besi, kwa kuwa besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri, na PHONO ndiyo inayoirudisha.

Zile za 78 ndizo zenye sauti za kina Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Mfereji wake ni mpana mara kadhaa, kwa hiyo sindano ya LP inaburuzika chini kabisa na kuokota vumbi na mikwaruzo. SL-1200MK2 haina mwendo wa 78. Hapo Lenco ndiyo inayofaa. Na usiziguse kwa spiriti. Santuri hizo ni za utomvu, si plastiki, na spiriti inayeyusha uso wake. Maji ya vuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mfereji, lebo isilowe, kisha ikaushwe kwa kusimamishwa kivulini.