Teke la Fundi

Jamani, nchi hii kila mtu ni daktari wa matairi, na kipimo chake ni teke. Unaingia kituo cha mafuta, kijana anakuja na mpira wa upepo begani, analitandika tairi teke moja, anainamisha kichwa kama anasikiliza mapigo ya moyo, halafu: "Liko freshi, bosi." Freshi ngapi? Hapo ndipo maongezi yanapoishia.

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, na kibandiko cha upepo kipo pale mlango wa dereva unapofungia. Nikamwonyesha fundi. Akasoma "220", akarudi nyuma hatua mbili. "Bosi, 220 si tutazikwa wote hapa?" Nikamwambia hizo ni kilopaskali, kwa kipimo chako ni kama 32. Akaniangalia kama nimemtukania mama. Akajaza 40, "za kuanzia."

Wa mtaa wa pili naye ana dini yake: safari ndefu, punguza upepo, maana lami ina moto. Nimebishana naye mpaka chai ikapoa. Tairi lenye upepo pungufu ndilo linalonepa ubavuni kila linapozunguka, na kule kunepa ndiko kunakolichemsha hadi linapasuka. Upepo unapimwa asubuhi, tairi likiwa bado la baridi, basi. Akanijibu, "Mimi kazi hii nina miaka ishirini." Sawa, mzee.

Wauza matairi ndio usiseme. Juzi nauziwa "jipya kabisa, halijagusa lami." Nikainama kutafuta zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3813. Wiki ya 38, mwaka 2013! Mwanangu wa mwaka huohuo sasa anavaa viatu vyangu. Ni kweli halijagusa lami, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umekaa dukani, kama mjomba wangu ambaye hajawahi kufanya kazi na mgongo unamuuma. Lilikuwa na nyufa ndogondogo, muuzaji kazipaka dawa ya kung'arisha. Limemeremeta kama bwana harusi wa ndoa ya tatu.

Na majirani sasa. Jirani yangu tairi zake zimeisha kashata, yaani yale meno yake, zina kipara unachoweza kujitazamia ukichana nywele. Ndani ya mifereji kuna vile vinundu; tairi likilika mpaka likawa sawa na vinundu, umebaki na milimita 1.6, huo ni mwisho wake. Vya jirani havionekani tena, vimeshalika navyo. Nikimwambia mvua ikinyesha atateleza, anasema, "Mungu yupo." Yupo, ila hajaombwa kushika usukani.

Basi mimi, kwa hasira, nikanunua kipimo changu mwenyewe. Kidogo, kinakaa mfukoni. Kila Jumapili alfajiri niko uwanjani na bukta napima matairi manne, naandika kwenye daftari. Mke wangu anasema ningempima yeye joto mara moja kwa mwezi angefurahi.

Jumamosi tukaenda harusini Morogoro. Buti imejaa mchele, masufuria na sanduku la Shangazi ambalo sijui lilikuwa na nini, mawe labda. Tumepita Mlandizi, msumari. Sikubabaika. Watu wote nje, mchele nje, masufuria nje, sanduku nje kwa watu watatu, ndipo nikalifikia tairi la spea kule chini. Nikalitoa kwa madaha huku nikiwasomea wanandugu somo la upepo, daftari mkononi.

Shangazi akanyanyua kitenge kidogo, akalisogelea, akalipiga teke. Kandambili ikazama.

"Baba, hili halina upepo."

Nikafungua daftari. Lina safu nne.