Boxer au TVS? Ukiuliza Steji Utalala Huko

Hapa Nairobi, ukitaka kujua una jamaa wangapi, usiitishe harambee. Sema tu unanunua pikipiki. Mlinzi wa ploti ana maoni. Shemeji wa Kitengela, ambaye hata baiskeli ilimshinda, ana maoni. Muuza smokie naye anayo, na anayatoa huku akikuwekea kachumbari: "Mkubwa, Boxer. Hizo zingine ni makopo." Vuka barabara, steji ya boda ya ng'ambo wanakuuliza nani alikuroga, chukua TVS. Huo si ushauri. Hao ni Gor na Ingwe, mahasimu wa soka, na wewe ndiye mpira.

Tena hawalinganishi vitu vinavyolingana! Wa Boxer akisema Boxer ana maana ya BM 150: injini ya ukubwa wa CC 144.8, nguvu za farasi kama 12. Wa TVS akisema TVS ana maana ya HLX 125, CC 124 na nukta. Halafu huyu wa kwanza anajigamba, "Yangu inavuta!" Isivute kwa nini, na imeongezewa CC 20? Wa pili naye anatamba, "Yangu hailambi mafuta!" Iyalambe ya nini, na injini ni ndogo? TVS wana HLX 150. Boxer nayo iko ya 100. Weka 150 kando ya 150, ugomvi unabaki kwenye kiti, taa, na nani ana duka la spea karibu na kwako. Lakini nani atakubali? Steji nzima itakaa ikiongea nini?

Jambo ambalo hulisikii hapo ni kwamba mji huu uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, haina ujanja wa kuijazia. Kadiria kupoteza asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Basi wale farasi 12 wa kwenye karatasi hapa ni 10. Wawili walishuka Mtito Andei, njiani kutoka Mombasa. Ya 125, iliyoanza na 10 na ushee, inabaki na wanane au tisa. Kwenye Kangundo Road hutajua tofauti. Toka Ruaka upande Banana na abiria aliyekumbatia gunia la viazi, utajua: gia ya tatu inakohoa, ya pili inalia, na abiria anauliza kwa upole kama ashuke.

Kwa hiyo uamuzi wenyewe si mgumu vile wanavyoufanya. Unaenda kazini peke yako, Umoja hadi Industrial Area, mzigo wako ni kopo la githeri? Chukua 125, hata 100, uache kujitesa. Utabeba watu, mitungi ya gesi na kreti za soda, au unaishi kwenye miinuko, kama Ngong, Wangige, Banana? 150, na usimsikilize mtu. Hasara kubwa ni kununua 125 kisha kuitwisha kazi ya 150. Injini ndogo ikikamuliwa kutwa nzima kwenye gia ya pili, inayanywa yale yale mafuta uliyodhani unaokoa, na klachi inaungua juu yake. Kasi nayo usiniambie. Expressway pikipiki hairuhusiwi, na chini yake hakuna pa kufikisha 80.

Mafuta sasa. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, wanatangaza bei, na kila tarehe 14 kuna mtu anakumbuka kwamba dukani aliambiwa kilomita 70 kwa lita. Hiyo 70 lazima ilipimwa na kijana mwembamba kwenye barabara tupu, tena akiteremka. Kwenye jam ya Outering weka hesabu ya 40 na kitu kwa 150, na 50 hivi kwa 125. Kwa anayeenda kazini na kurudi, kilomita 30 kwa siku, tofauti ni kama desilita moja. Desilita moja! Kuna watu wameacha kusalimiana kwa sababu ya desilita moja. Wa boda anayekimbia kilomita 120 ndiye mwenye haki ya kulalamika, kwa sababu kwake inakaribia nusu lita kila siku.

Na mkopo? Bei ya pesa taslimu wanaitangaza kwa sauti. Ya mkopo wanakunong'onezea kwa vipande. "Ni mia nne tu kwa siku, kiongozi." Mia nne kwa miezi 18, siku kama 540, ni 216,000, na malipo ya kwanza bado hujayagusa. Zidisha kabla ya kutia sahihi, simu yako ina kikokotoo. Na uliza logbuku, hati ya umiliki, itakaa kwa jina la nani, mpaka lini.

Ukishanunua ndipo mauaji yanaanza. Injini zote mbili hupozwa na upepo, na mafuta ya injini yaliyomo ndani, si petroli, ni lita moja hivi. Lita hiyo moja inalainisha pistoni, inalainisha gia, na klachi inaoga humo humo. Saa kumi na mbili jioni umekwama Mombasa Road, upepo hakuna, mafuta yanachemka na kulegea. Kwa kazi hiyo badilisha kila kilomita 2,000. Yale ya kwanza kabisa yatoe kwenye 500, kwa sababu ndiyo yaliyobeba chembe za chuma za injini mpya. Lakini muone mtu wetu: ametoa laki na zaidi kununua chombo, sasa anatafuta mafuta ya gari yaliyobaki kwenye debe la fundi ili aokoe shilingi mia mbili. Mafuta mengi ya gari yana kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa huo msuguano. Baada ya muda injini inanguruma, pikipiki haisongi, na steji ya ng'ambo inacheka: "Si tulikuambia?" Hawakukuambia chochote. Soma kopo, tafuta 20W-50, ndio uzito wa mafuta, na herufi JASO MA au MA2, alama ya mafuta yanayofaa klachi ya pikipiki. Picha ya pikipiki iliyochorwa pale mbele si ushahidi.

Cheni nayo ina wapenzi wake. Ishike upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, yale magurudumu ya meno, uisukume juu na chini: icheze sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa mno inakula beringi, ikilegea inaruka meno ukiwa katikati ya raundabauti na matatu nyuma yako. Halafu kuna yule anayenunua cheni peke yake, sproketi zimechongoka, na yeye anasema "hizi bado". Meno yaliyochongoka huinyoosha cheni mpya haraka, na atarudi dukani tena. Seti ni vitu vitatu: sproketi ya mbele, ya nyuma, na cheni. Kirinyaga Road utaipata seti nzima, tena "orijino" za bei tatu tofauti, zote zikichotwa kwenye katoni moja.

Ukiamua kununua iliyotumika, gusa injini kabla hata ya salamu. Ikiwa na moto, muuzaji ameiamsha mapema, na huenda anajua ikiwa baridi haiwaki. Subiri ipoe, kisha uiwashe kwa kiki, si kwa stata. Moshi wa buluu ni ringi za pistoni au sili za vali, yaani pesa. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mara nyingi ni kabureta tu au kichujio cha hewa kilichoziba. Vuta cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino, hiyo seti imekwisha, bei ishuke. Bana breki ya mbele, tikisa usukani mbele na nyuma, ikigonga "tak" beringi za shingo zimelika. Namba ya chasisi iliyopigwa pale shingoni ilingane na logbuku, na rekodi uitafute kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla pesa haijatoka. Muuzaji akisema "mtandao umelala, lakini niamini, boss", nawe nenda ukalale.

Duka lingine litakupa kofia moja, reflekta moja (ile jaketi inayong'aa) na tabasamu. Sheria inataka abiria naye avae kofia na reflekta, na abiria ni mmoja, si mama, watoto wawili na kuku. Kofia ya pili utajinunulia, yenye kamba inayofunga, na pamoja nayo pakiti ya zile kofia za nailoni za saluni, maana abiria atakuambia amesukwa jana, na hilo halina jibu lingine.