Tulipika data na tukafaulu

Naunga mkono hoja kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni wapewe utafiti halisi kwenye maabara ya kemia. Sisi tulipima asidi ileile waliyopima kaka zetu, jibu likijulikana. Bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, ikigoma unachungulia daftari la jirani, unaandika mililita 24.6, unaenda kula. Sasa chukua visima vya Arusha, pembeni mwa Mlima Meru: floridi, madini yaliyomo majini, inawatia watoto meno ya kahawia, na ukomo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwanafunzi aje na chupa ya maji ya kwao apime. Hapo hakuna wa kumchungulia. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kilianza mtindo huu wa kuwapa mwaka wa kwanza utafiti halisi 2005. Ila vifaa jamani! Tulikuwa wanane kwa bureti moja, nayo inavuja.